Mti unaosema "hakuna mgonjwa" na bado unapata asilimia 90

Haya jamani, leo sina stori za bumu wala za foleni ya kantini. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa hesabu. Wale mnaokimbia namba msifunge ukurasa, nitawashika mkono. Ni hesabu ya kugawanya tu, kalamu na mgongo wa bahasha vinatosha.

Kila anayeandika tasnifu ya mambo ya afya siku hizi anataka "mti wa maamuzi". Ukimuuliza unafanya nini, anakwambia, "Natafuta makundi yaliyo hatarini." Vizuri sana. Hata mimi naupenda mti huo, naupenda kuliko yale majedwali ya rigresheni ambayo hata mwandishi wake hawezi kumweleza mama yake. Ninachogombana nacho ni jinsi tunavyoupima, na kitu kimoja tunachokificha kwenye mizizi yake.

Kwa wasioujua: unachukua orodha ya wagonjwa, tuseme watoto elfu, wenye ugonjwa fulani na wasio nao. Kompyuta inatafuta swali moja la ndiyo au hapana ambalo linawatenganisha vizuri kuliko maswali mengine yote. Ikilipata, inawagawa makundi mawili. Halafu kila kundi inalitafutia swali lake, na kila kundi dogo tena swali lake, hadi maswali yaishe faida. Makundi ya mwisho yanaitwa majani. Jani moja linaweza kuwa "watoto wa chini ya miaka miwili, damu imepungua, slaidi haina malaria". Ukiuchora, mti unasimama kichwa chini, mizizi juu, kama ule mbuyu wa kwenye hadithi za bibi.

Si jambo jipya. Kitabu kilichoupa umaarufu kilitoka 1984, cha Breiman, Friedman, Olshen na Stone, Wamarekani wote wanne. Mfano wao wa kwanza kabisa ulikuwa wa hospitali: wagonjwa 215 wa shambulio la moyo pale San Diego, vipimo 19 kwa kila mmoja ndani ya saa 24 za kwanza. Mti ukabakiza maswali matatu tu. Presha ya chini kabisa ilizidi 91? Umri umezidi miaka 62 na nusu? Moyo unakwenda mbio? Basi. Vipimo 16 vilivyobaki vikawekwa kando. Ndiyo raha ya mti, nesi wa zamu ya usiku anaweza kuutumia bila kompyuta, na anaweza kuubishia pia.

Sasa ugomvi. Kwenye semina moja (sitaji idara, bado tunasalimiana) mwenzetu alisimama na mti wake, akasema una "usahihi wa zaidi ya asilimia 90". Makofi. Mhadhiri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyeuliza swali ambalo muuza samaki wa Deep Sea angeliuliza: asilimia 90 ukilinganisha na nini?

Nitawajibu kwa mfano wa kwetu, tena wa kweli. Twendeni Muheza. Wengi mnaijua kwa machungwa, lakini watu wa utafiti wa malaria duniani wanaijua kwa damu yetu. Kuanzia katikati ya 2006 hadi katikati ya 2007, watafiti waliwapima watoto 3,639 waliolazwa na homa Hospitali Teule ya Muheza, wa kuanzia miezi miwili hadi miaka 13. Matokeo yalichapishwa 2010 kwenye jarida la tiba la Uingereza, BMJ. Kila mtoto alipimwa slaidi ya malaria, na damu yake ikaoteshwa maabara kuona kama ina bakteria. Watoto 341 walikutwa na bakteria waliopenya mwilini, kwenye damu au kwenye maji ya uti wa mgongo. Hiyo ni asilimia 9.4. Na hawa ndio waliokuwa hatarini hasa: kati yao 58 walifariki, yaani 17 katika kila 100. Kwa wale wengine wasio na bakteria, walifariki chini ya wanne katika 100.

Basi chukua mti wa mjinga. Hauulizi swali lolote. Kila mtoto akipita mlangoni unasema, "Huyu hana bakteria." Utakuwa umepatia watoto 3,298 kati ya 3,639. Usahihi wake asilimia 90.6.

Makofi?

Mti huo umewakosa watoto wote 341. Wote! Ukiusimamisha kwenye semina yetu ungepata alama nzuri tu. Ndiyo maana nikisikia mtu anajisifu kwa "usahihi" bila kusema ugonjwa wenyewe uko kwa wangapi katika 100, nashikwa na kichefuchefu. Ugonjwa ukiwa adimu, kutoona kitu ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuwa sahihi.

Tusimame hapo hapo Muheza tuoteshe mti mdogo wa swali moja. Slaidi ina malaria au haina? Kati ya wenye malaria kwenye slaidi, 2,195, waliokuwa na bakteria ni 100. Kati ya wasio na malaria, 1,444, waliokuwa na bakteria ni 241. Yaani 4.6 katika 100 upande mmoja, 16.7 upande wa pili. Swali moja la bei nafuu limetupa kundi lenye hatari zaidi ya mara tatu ya jirani yake. Swali zuri kabisa, angalia linavyotenganisha.

Lakini sasa kompyuta inafika kwenye jani na inatakiwa iandike jibu. Jani la wasio na malaria lina watoto 241 wenye bakteria na 1,203 wasio nao. Unajua inafanya nini? Inapiga kura. Wengi wape! Inaandika "hana". Jani la pili ndiyo kabisa, "hana". Majani mawili, jibu moja, na tumerudi kwa mti wa mjinga. Si kwamba kompyuta ina roho mbaya. Haijaambiwa kwamba kumkosa mtoto mwenye bakteria ni kosa kubwa kuliko kumchoma mwingine sindano asiyoihitaji. Kwake makosa yote mawili bei yake ni moja.

Na hapa ndipo ninapotaka kupigana. Bei ya kukosea haimo kwenye data. Hata ukusanye watoto milioni hutaikuta mle. Ni lazima mtu aiseme kwa kinywa chake. Wale wazee wanne wa 1984 walilijua hilo, waliandika kabisa kwenye kitabu jinsi ya kuingiza gharama tofauti kwa makosa tofauti. Kwenye R, ukitumia rpart, kuna mahali pa kuiweka. Kwenye SPSS kuna sehemu nzima ya gharama za makosa. Zote mbili ukiziacha zilivyo zinachukulia kwamba gharama ni sawa. Sisi tunabonyeza "endelea", "endelea", "maliza". Halafu tunaita hayo "matokeo ya kisayansi". Umeshaamua kwamba kifo cha mtoto na sindano ya bure ni kitu kimoja, ila umeamua bila kujua kwamba umeamua.

Ngoja niigeuze iwe hesabu ya sokoni. Kwenye jani la wasio na malaria, kwa kila mtoto mmoja mwenye bakteria kuna watano wasio nao (1,203 gawanya kwa 241). Kwenye jani la wenye malaria, kwa kila mmoja kuna 21. Kwa hiyo swali la mti mzima ni hili: uko tayari kuwapa dawa watoto wangapi wasioihitaji ili usimkose mmoja anayeihitaji? Ukisema chini ya watano, mti wako haumpi mtu dawa, na watoto 341 umewaacha. Ukisema kati ya watano na 21, unawapa wote ambao slaidi haina malaria, na unawaacha 100. Ukizidi 21, unawapa wote 3,639. Data ni ile ile, swali ni lile lile, na programu haijabadilika. Namba moja tu ya kinywani mwako imebadilisha nani apewe dawa na nani asipewe. Mti halisi ungeuliza maswali mengine, kupumua kwa shida, upungufu wa damu, utapiamlo, degedege. Majani yangekuwa mengi na madogo. Bado kila jani lingekuuliza namba yako.

Mtasema haya ni ya wanafunzi, wakubwa hawafanyi hivyo. Ehe. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina mwongozo wake unaomwambia daktari ni mtoto gani aliyelazwa apewe antibiotiki. Ni mti ule ule wa ndiyo na hapana, tofauti ni kwamba haukuoteshwa na kompyuta, ulikubaliwa na wataalamu mezani. Na ule utafiti wa Teule ndiyo kazi yake ilikuwa kuupima mwongozo huo. Kwa watoto wenye malaria kwenye slaidi, mwongozo uliwanasa 60 kati ya 100 wenye bakteria. Kwa wasio na malaria, uliwanasa 70 na nusu katika 100. Nikipiga hesabu yangu, umenasa kama 230 kati ya 341, watoto 111 umewapita. Na wasio na bakteria walionyooshewa kidole ni karibu 1,600.

Sasa linganisha na mti wetu wa swali moja, ule wa "slaidi haina malaria, mpe dawa". Unanasa 241, na unaowapa bila kuwa na bakteria ni 1,203. Yaani swali moja la maabara ya wilaya linawanasa wengi zaidi na kuwasumbua wachache zaidi kuliko mwongozo mzima! Niliirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimeota.

Kabla hamjanirushia mawe: sisemi mwongozo utupwe. Antibiotiki hazitolewi kwa bakteria wa kwenye damu tu. Kuna nimonia ambayo damu ikioteshwa haionyeshi kitu na mtoto anahitaji dawa vile vile, kwa hiyo baadhi ya wale 1,600 walistahili. Na mti wangu wa swali moja unawatelekeza watoto 100 wenye malaria na bakteria kwa pamoja, ambao ndio hasa rahisi kudanganya macho, maana slaidi imeshakupa jibu na umeridhika. Ninachosema ni kwamba mwongozo huo nao una bei ya kukosea ndani yake, na haijaandikwa popote ambapo tabibu wa Muheza anaweza kuiona, sembuse mama aliyekaa pembeni ya kitanda.

Tena tunasahau kwa haraka tulikotoka. Kwa miaka mingi mti wetu wa homa ulikuwa na swali moja: ana homa? Basi ni malaria, mpe dawa. Mwaka 2004 jarida hilo hilo la BMJ lilichapisha utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa nchi, Tanga na Kilimanjaro. Wagonjwa 4,474 walikuwa wametibiwa kama malaria kali. Slaidi zao zilipoangaliwa kwa umakini, waliokuwa kweli na vimelea vya malaria ni asilimia 46.1. Chini ya nusu. WHO ilikuja kusema kila homa ipimwe kwanza, wa umri wowote, mwaka 2010. Hesabuni miaka hapo katikati.

Jambo la pili linaloniudhi: mti unazeeka, na sisi tunautundika ukutani kama picha ya harusi. Angalia kilichotokea hapa hapa mkoani. Kwenye vijiji vya tambarare vya Korogwe vilivyofuatiliwa, waliokutwa na vimelea vya malaria walishuka kutoka karibu 78 katika 100 mwaka 2003 hadi 13 mwaka 2008. Miaka mitano! Pale Teule penyewe, watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kati ya 2006 na 2010, na wenye bakteria kwenye damu wakapungua pia. Chanjo ya Hib ikaingia 2009, ile ya nimokoki ikafuata mwanzoni mwa 2013. Kwa hiyo zile namba zangu za watano na 21 ni za Muheza ya 2006, mtoto wa mwaka huo leo ni mtu mzima anapiga kura. Ukizichukua leo ukaziweka kwenye simu ya nesi wa Mkinga, unampimia mtoto wa leo kwa viatu vya kaka yake. Mwongozo wowote wa namna hii unatakiwa uwe na tarehe ya kuisha, kama maziwa ya pakiti.

Na la tatu, kwa ufupi kwa sababu nimelisema mara nyingi hapa. Kundi lililo hatarini kuliko yote halimo kwenye mti kabisa. Mti umeoteshwa kwa waliofika wodini. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa 1996 ulionyesha jinsi degedege linavyoonekana na wazazi kuwa ugonjwa wa peke yake, wa kupelekwa kwanza kwa mganga, sio hospitali. Nyie wa Pangani na Mkinga mnalijua hilo bila kusoma jarida. Mtoto aliyeishia kwa mganga, au aliyeishia kwenye mtumbwi akisubiri maji yajae, hakuingia kwenye daftari la hospitali, na kompyuta haina jani lake. Watafiti wa siku mbili tatu hawawezi kuliona hili. Waja leo waondoka leo.

Mtasema napinga tu, sina zuri. Ninalo. Dar es Salaam walitengeneza mti wa kwenye simu kwa watoto wagonjwa wa nje, unaitwa ALMANACH. Matokeo yake yalichapishwa 2015. Hawakuja na "usahihi wa asilimia fulani" wakaomba makofi. Waliuliza jambo moja la maana: siku ya saba mtoto amepona? Kwa waliotibiwa kwa kufuata mti, walipona 97 katika 100. Kwa waliotibiwa kama kawaida, 92. Na antibiotiki zilitolewa kwa 15 katika 100 upande wa mti, dhidi ya 84 upande wa kawaida. Hivyo ndivyo mti unavyopimwa. Ila msinichukulie nao mkauhamishia kwenye wodi ya Muheza kesho asubuhi. Wale ni watoto wa mjini wanaotoka nyumbani na kurudi jioni, hawa ni waliolazwa.

Rafiki yangu mmoja wa takwimu nilipomwambia haya alinijibu, "Wewe unaleta siasa kwenye sayansi. Kazi yetu ni kutoa uwezekano, bei wapange wao." Wao nani? Jani likishaandikwa "hana", limeshapangwa. Kama kweli hutaki kupanga bei, basi usiandike "ana" wala "hana", andika "16.7 katika 100" na uiache hapo, tabibu ajionee. Lakini hamfanyi hivyo, kwa sababu jedwali la usahihi ndilo linalopendeza. Mwingine akasema miti inayumba, ukiondoa wagonjwa wachache mti mzima unabadilika. Kweli, na Breiman mwenyewe ndiyo maana 2001 akaja na msitu, mamia ya miti inayopiga kura pamoja. Msitu unapatia zaidi, lakini hausomeki. Na hii akili mnemba ya sasa hivi ndiyo haisomeki kabisa. Mimi nabaki na mti mmoja unaoyumba, ambao nesi anaweza kuushika mkononi na kusema "swali hili la tatu ni la kijinga, hapa kwetu kila mtoto damu imepungua".

Kwa hiyo kuanzia sasa kila mtu akisimama na mti wake nitamuuliza namba yake. Umeweka ngapi kwa kumkosa mmoja? Ni nani alikupa hiyo namba? Uliwauliza manesi wa wodi ya watoto? Uliwauliza kina mama? Kama ni moja kwa moja kwa sababu programu ilikuja hivyo, sema hivyo mbele ya watu.

Yangu mimi? Kwa Muheza ya 2006 ningesema inazidi 21, wapewe wote, na nilikuwa nimeshaiandika kabla sijafika ukurasa wa dawa. Huko nikakuta kwamba kati ya bakteria waliopimwa, chini ya nusu ndio waliokuwa bado wanauawa na dawa ya kwanza iliyopendekezwa na mwongozo. Salmonela ndiyo iliyoongoza kwa wingi. Sasa ukiwapa wote dawa hiyo, zaidi ya nusu ya wale unaotaka kuwaokoa haiwasaidii, na wale 3,298 unawafundishia bakteria wao usugu bure. Ukiwapa dawa kali zaidi, utatumia nini mwaka unaofuata? Namba yangu imeshuka, nimeiweka 15, na hata hiyo sijalala nayo vizuri. Andikeni zenu hapo chini, na sababu yake, sio namba tupu.